Kaa, Nakuja

Alinitambua. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana wapo walioniambia baadaye kwamba mbwa husahau, kwamba tumbo likishiba kwingine moyo nao huhamia huko. Karani alinitambua. Aliinua kichwa akanitazama nikishuka kwenye basi na fimbo yangu, akaja mbio, akanusa kiatu cha kulia, akanusa cha kushoto, akakaa muda mrefu kwenye hicho cha kushoto kwa sababu mguu uliokuwa ndani yake haukuwa tena ule aliokuwa akiujua. Kisha akalia. Hakubweka, alilia, kwa sauti nyembamba inayokwama kooni. Nikapiga goti kwa shida, nikamkumbatia palepale kwenye vumbi la kituo cha kupimia malori, watu wakinitazama.

Halafu nikasimama, nikamwambia, "Twende nyumbani."

Akageuka, akarudi mahali pake kando ya nguzo, akalala kifudifudi na uso wake akauelekeza barabarani.

Nikamwita. Akatikisa mkia bila kuinuka. Nikamfunga kamba niliyokuja nayo, nikavuta, naye akajilegeza mwili mzima akawa mzito kama gunia la mchanga. Nilipovuta zaidi alinitazama kwa macho ya kuomba radhi, lakini hakusogea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na pale, aliyekuwa ametukodolea macho tangu mwanzo, akasema, "Usijisumbue, baba. Huyo anasubiri mtu."

"Mtu mwenyewe ni mimi."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi. "Basi mwambie yeye," akasema, akaendelea kusuuza vikombe vyake.

Mimi ni fundi viatu. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye mlango wa kukunja. Nyuma yake kuna vyumba viwili vya kulala, na ua tunaoutumia pamoja na jirani yetu, fundi cherehani, mama mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Karani aliingia dukani siku ya mvua, angali mtoto wa mbwa, akaenda moja kwa moja chini ya rafu ya viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, akajilaza kati yao. Nilisubiri siku kadhaa aje mtu kumdai. Hakuja mtu, kama ambavyo hakuja mtu kudai vile viatu vingine.

Jina alijipatia mwenyewe kwa kazi. Mteja akija kuchukua viatu vyake, mbwa alinusa kwanza miguu ya mteja, kisha akanusa viatu mezani, na kama vinapatana alirudi kulala. Kama havipatani, kwa mfano mtu katumwa kumchukulia mwenzake, alisimama mlangoni akakunja uso. Wateja walimtania: "Karani, nipitishe bwana, karatasi zangu ziko sawa." Wengine walikuja kwa ajili ya kukaguliwa tu, viatu vyao vikiwa vizima.

Na alikuwa na jambo moja ambalo lazima nilieleze vizuri, maana ndilo lililotufikisha pale kwenye mizani. Nilipokuwa na viatu vya kumpelekea mteja asiyeweza kuja, nilimwonyesha Karani kidole nikamwambia, "Kaa, nakuja." Alikaa. Duka lingeweza kujaa watu, mtu angeweza kumtupia mfupa hatua mbili mbele yake, asiuguse. Alikaa mpaka nirudi. Sikusema mpaka arudi mtu yeyote. Mpaka arudi yule aliyemwambia. Fundi cherehani aliwahi kumwambia maneno hayo kwa mzaha mbele ya mlango wake, kisha akaenda sokoni akasahau. Nilimwita Karani mpaka sauti ikanikauka, nikampigia miluzi, nikamwonyesha nyama. Akabaki kwenye mlango wa jirani kama mlinzi mpaka mama wa watu aliporudi na kikapu chake kichwani, akashangaa, akasema, "Yarabi, mbwa huyu ana dini kuliko sisi." Tulicheka sana siku ile.

Sasa dada yangu. Mama yetu alipofariki, dada ndiye aliyekuwa mama. Aliacha masomo, akashika mwiko, akawa mpishi wa shule, akanilea kwa mikono iliyonuka moshi na sabuni. Sikuwahi kulala njaa, na sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba yetu. "Sisi hatugongi mlango wa mtu," alisema, na ilikuwa hivyo kweli. Chumvi ikiisha tulikula bila chumvi, naye alinipa sahani akisema leo chumvi iko likizo. Watoto wenzangu walitumwa kwa majirani na vibakuli vya kukopa unga au mafuta. Mimi niliwatazama kutoka dirishani nikijiona mtoto wa tajiri. Nilikua nikiamini kuwa hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda dada yangu. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye duka na mvi mbili tatu, bado niliamini.

Ndiyo maana pikipiki iliponigonga na mfupa wa paja ukakataa kuunga, na madaktari wakasema nipelekwe hospitali ya mifupa, mji wa mbali, sikuwa na hofu ya nyumbani. Dada alihamia kwangu alinde nyumba. Nilimkabidhi funguo, nikamkabidhi Karani. Nikiwa nimelazwa tayari kwenye kiti cha nyuma cha gari, mbwa alisimama mlangoni akitaka kupanda. Nilimwambia, "Nenda kwa dada." Sikumwambia kaa, nakuja, kwa sababu sikujua kama nitakuja. Kwa mbwa yule sikuweza kulitamka neno ambalo sina hakika nalo.

Hospitalini nilikaa miezi. Kitanda cha kando yangu alilala mwalimu mstaafu, mguu wake umetundikwa kwa kamba na mawe kama nguo iliyoanikwa, na mdomo wake ndio kiungo pekee kilichokuwa kikitembea. Dada alipiga simu kila jioni. Nilimwuliza, "Karani hajambo?" naye akaanza.

Siku moja Karani kaiba soksi ya mwenye nyumba kwenye kamba ya nguo, kaipeleka dukani, kailaza rafuni pamoja na viatu vya watu. Siku nyingine kamkagua mgeni wa fundi cherehani, kamkatalia kuingia mpaka alipovua viatu. Siku ya mvua kubwa, kaliburuta lile vazi langu la ngozi la kazi kutoka uani hadi ndani, lisilowe. Mwalimu aliniamuru niweke simu kwa sauti kubwa, wodi nzima isikie. Jioni zikawa na ratiba: chakula, dawa, kisha Karani. Wauguzi walichelewesha sindano ili wasipitwe. Mwalimu alianza kuniuliza tangu mchana, "Leo karani wetu ataripoti nini?"

Waliponiambia mguu lazima ufunguliwe mara ya pili, nilikata tamaa. Nilifikiri fundi viatu mwenye mguu mmoja ni kichekesho, nani atampa kazi. Jioni ile dada alisema, "Karani siku hizi halali ila juu ya viatu vyako vyeusi. Nimevificha mara mbili, anavitafuta." Niligeuza uso ukutani ili mwalimu asinione nikilia. Asubuhi nilitia saini ya kufunguliwa mguu. Wengine hupona kwa dawa na wengine kwa dua. Mimi, na hili sioni haya kulisema, nilipona kwa hadithi za mbwa.

Siku ya kuondoka, mwalimu alinipa pakiti ya biskuti alizoletewa na wajukuu zake. "Si zako," akanionya. "Mpelekee karani, mwambie wodi ya wanaume inamsalimu."

Nyumbani niliingia kwa mlango wa uani. Beseni la Karani la maji lilikuwa limeinamishwa ukutani, na ndani yake buibui alikuwa amekwisha jenga nyumba akahama.

Dada alinipokea vizuri. Alinikumbatia, akanipangusa uso kwa mtandio wake kama nilipokuwa mtoto, akaniwekea kiti. Nikamwuliza Karani yuko wapi.

"Katoka kidogo," akasema, akageukia jiko.

Nikakaa mlangoni na biskuti zangu. Dada alipika, akapakua, akanisimulia habari za shule, na mimi nikala nikitazama lango. Nilipiga mluzi. Nilimwita kwa jina, na dada alinisikia nikimwita. Alikuwa palepale, anaosha sufuria. Hilo bado linaniuma kuliko yote aliyoyafanya kabla yake. Aliniacha nimwite.

Fundi cherehani aliporudi na vitambaa vyake akanikuta nimekaa pale, alifurahi, akatupa mzigo chini. "Fundi! Pole na safari. Na Karani umerudi naye?"

"Nimerudi naye kutoka wapi?"

"Huko kwako. Si uliagiza apelekwe kwa rafiki yako, awe karibu na hospitali?"

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya dada yangu ilikuwa ndefu, ilienda mpaka hospitali ya mbali na kurudi, na ikaishia hapo uani, kwa uongo alionipa mimi kukutana na uongo aliompa jirani. Fundi cherehani aliona uso wangu, akamtazama dada jikoni, akaelewa.

"Mimi nilimwambia," akasema polepole. "Nilimwambia dada, huyu mbwa akikuelemea mlete kwangu, mimi nashinda nyumbani. Au mpeleke kwa daktari wa mifugo kule nyuma ya soko. Ana ua wa kuwaweka wanyama ambao wenyewe wamepatwa na shida, mpaka hali itengemae au apatikane wa kuwachukua. Paka wangu si nilimtoa kule? Akaniambia hajaelemewa." Akaokota mzigo wake. "Mficha uchi hazai," akasema, na akaingia ndani kwake.

Dada alieleza akiwa amenipa mgongo. Alisema yeye alitoka alfajiri kwenda kupika shuleni, na Karani, duka likiwa limefungwa na hakuna wa kumkagua, alikaa mbele ya mlango akilia kutwa. Mwenye nyumba akachoka, akasema achague mbwa au nyumba. Chakula nacho kilikuwa cha kubahatisha. Alimgawia mbwa sehemu yake, akaenda kazini na kizunguzungu. Siku moja alimwomba dereva wa lori, mteja wangu wa siku nyingi mwenye lori la kichwa cha bluu, awapakie yeye na mbwa, akamwambia kwamba ndugu atampokea mbwa njiani. Akashuka naye kwenye mizani ya malori, kwa sababu pale pana vibanda vya chakula, kisha akapanda tena lori peke yake. Hakutaka mbwa afe. Alisema hivyo mara mbili.

"Ukamwacha tu?"

"Angelifuata lori," akasema. "Angegongwa. Nikamwambia kaa, nakuja."

Neno lile lilikuwa langu. Nililijenga mimi, kwa uvumilivu, kwa kurudi kila nilipoahidi, hata siku za mvua, hata siku nilizokuwa na homa. Karani hakuwa na ukaidi wala ujinga wowote. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba watu wakisema wanakuja, huja. Dada alichukua imani ile akamfungia nayo kwenye nguzo.

"Mlango wa jirani ule pale," nikasema. "Unaonekana kutoka hapo ulipo."

"Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa na mbwa?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Sisi hatugongi," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi maneno yale yalivyo ya kipumbavu.

"Na hadithi? Soksi, mvua, viatu vyeusi?"

Hapo aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Kila jioni uliniuliza habari zake kabla ya kuniuliza zangu. Nikaona nikikwambia hayupo, hutakuwa na la kuniuliza."

Lilikuwa neno la kweli, nalo halikunipunguzia chochote. Nilikwenda chumbani. Viatu vyangu vyeusi vilikuwa kwenye boksi lake, karatasi laini juu yake, na ndani hapakuwa na unyoya hata mmoja.

Kesho yake, kabla ya kupanda basi, nilipita kwa daktari wa mifugo kuomba kamba. Ule ua upo, kama jirani alivyosema: wavu, kivuli cha mabati, mbwa wawili na mbuzi mmoja aliyejiona mbwa wa tatu. Daktari alikuwa akichota chakula cha wanyama kwenye pipa, anamtilia mama mmoja kwenye mfuko, mama mwenyewe akitazama chini. Mama alipoondoka, daktari aliniambia, "Huyo sasa hatamtupa mbwa wake. Alichokosa ni chakula cha mwezi huu tu." Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa. "Angeletwa hapa asingeulizwa neno, zaidi ya anapenda kula nini. Lakini watu wanaona haya. Wanapita hapo nje na mnyama, wananiamkia, wanakwenda kumtupa mbele."

Hivyo ndivyo nilivyofika mizani, na ndivyo Karani alivyonilamba mikono, akala biskuti za mwalimu moja baada ya nyingine, akakataa kuondoka.

Muuza chai alinieleza yaliyobaki. Alisema mbwa huyu huinuka kila lori la bluu linapokaribia, hulikimbilia mpaka mlangoni, hutazama anayeshuka, kisha hurudi nguzoni. Alisema wamejaribu kumvutia vibandani, kwenye kivuli, hataki. Mvua zilipoanza, akalowa usiku kucha, asubuhi akawa anatetemeka palepale. Kisha akanionyesha juu, nami ndipo nilipoona kipande cha turubai kimefungwa kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mti mkavu.

"Yeye hataki kufuata paa," akasema. "Nikaona heri paa limfuate yeye."

Mama yule hakuwa jamaa yangu, wala hakujua jina la mbwa. Alimwita Mgeni.

Nilikaa kando ya Karani mpaka basi la mwisho la kurudi. Nilimsemesha, nilimkaripia, na mwishowe nilimwambia, "Nimekuja," neno ambalo alikuwa akilisubiri, na akanilamba kidevu kwa heshima, kisha akaendelea kutazama barabara. Mimi nilikuwa nimekuja, ndiyo. Lakini mimi sikuwa nimemwambia kaa.

Nilikuwa nimeapa kwamba dada hatapata neno kutoka kwangu. Jioni ile nilisimama mlangoni kwake nikalazimika kumpa maneno mawili. "Anakungoja wewe."

Alijifunga mtandio wake, akaenda mwenyewe kumtafuta dereva. Dereva alijua sasa kilichompandisha dada siku ile. Akaendesha kama mtu aliyebeba maiti. Dada alikaa dirishani, mimi katikati. Tulipoiona mizani kwa mbali, niliona pia doa la kahawia likisimama chini ya turubai.

Alikuja akikimbia kando ya gurudumu mpaka lori liliposimama. Dada alishuka kinyumenyume, akishika vyuma, kama alivyoshuka siku ile. Karani hakumrukia. Alimnusa miguu. Alinusa kiatu kimoja, akanusa kingine, taratibu, kama dukani. Kisha akakaa chini mbele yake, akamtazama usoni.

"Nimekuja," dada akasema. Akainama, akarudia. "Nimekuja, Karani."

Hapo ndipo mbwa alipoinuka, akazunguka miguu yake, akazunguka tena, mkia ukimpiga magotini, akajipenyeza chini ya mtandio wake akalia kama alivyolia kwangu, lakini kwa furaha. Alifurahi. Nilisimama na kamba yangu mkononi nikimwangalia mbwa wangu akimshukuru aliyemtupa kwa sababu ametimiza ahadi. Niliona wivu, niliona hasira, na nilitamani walau amng'ate kidogo. Mama wa chai alikuwa akifungua turubai lake. Alimtazama dada kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema, akaendelea na fundo la turubai.

Njiani Karani alilaza kichwa mapajani mwa dada.

Mwenye nyumba, nilipokaa naye na kumwomba, alikubali bila shida. Duka lilipofunguliwa Karani alipata kazi yake na akaacha kulia. Dada alibaki kwetu. Alipika, nilikula, tulisalimiana. Mtu wa nje angesema tumepatana. Lakini akisema maziwa yapo nilifungua kabati nione, na akisema mteja fulani kaja nilimtazama Karani kama atathibitisha. Dada aliniona nikifanya hivyo. Hakulalamika hata siku moja.

Mwaka uliofuata nilirudi hospitali ile kutolewa vyuma. Safari hii nilimshika Karani, nikavuka ua, nikagonga mlango wa fundi cherehani nikamwomba anitunzie. Aliitikia kabla sijamaliza. Daktari wa mifugo naye alisema akielemewa ampelekee, ua upo. Dada alisimama jikoni akatutazama. Kazi yote ilichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Jioni ya kwanza baada ya upasuaji, simu ililia.

"Karani kala vizuri," dada akasema. "Leo kalala juu ya kitambaa cha suti ya bwana harusi, fundi kamfukuza, karudi, kamfukuza, karudi. Sasa kamwachia tu."

Ilikuwa hadithi nzuri. Zamani ningeiweka kwa sauti kubwa.

"Mpe simu fundi cherehani," nikasema.

Angeweza kusema jirani amelala, au hayupo, au salio linakwisha. Nilisubiri aseme. Badala yake nilisikia kandambili zake zikivuka ua, taratibu, na mahali fulani cherehani ikikimbia. Zikasimama. Nikamsikia akisafisha koo.

"Hodi," dada yangu akasema.

Cherehani iliendelea. Akagonga. Maisha yangu yote sikuwahi kuisikia sauti hiyo, ya mkono wake kwenye mlango wa mtu.

"Hodi, jirani. Samahani. Naomba unisaidie."

Mlango ukafunguliwa, simu ikabadilisha mikono, na fundi cherehani akaniambia huku akicheka kwamba mbwa wangu ni mshenzi, amelalia suti ya bwana harusi, ameikalia kama yeye ndiye anayeoa. Nikamsikia Karani akipiga miayo. Ilikuwa kweli yote, mpaka kitambaa.

Simu ikarudi kwa dada.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi na mimi niulize."

Nikamwuliza kama hajambo, kama mgongo haumsumbui, kama kazi ya shule haijamchosha. Akasema hajambo, mgongo mzima, kazi nyepesi, hakuna kilichomshinda. Nikaisikiliza sauti yake mpaka mwisho. Kwa hayo, hapakuwa na jirani wa kupewa simu anithibitishie.